Hostia za Baba Mkwe

Baba mkwe wangu aliogopa makombo kuliko alivyoogopa mwizi. Kila Jumapili baada ya Misa alibaki kanisani, akainama mbele ya altare na kukagua sakafu kwa jicho lile lile alilotumia miaka thelathini na moja katika kiwanda cha biskuti, chumba cha kuchanganyia unga. Kama kuna punje nyeupe imeanguka pale watu walipopokelea Komunyo, ataiona tu. Ataiokota kwa ncha ya kidole kilicholowa, ataipeleka sakristia, kile chumba cha padre cha kuvalia, na uso utabaki umekunjamana mpaka jioni. "Punje moja," aliniambia, "ni Yeye mzima. Si robo yake, si ukucha wake. Mzima." Mimi nilikuwa naitikia tu. Nilikuwa mtu wa kupokea Komunyo huku nawaza sufuria niliyoiacha jikoni, na mwanamke wa mbele yangu akiwa na viatu vipya, basi hapo sala imekwisha.

Nayasema haya mapema ili mnijue. Mimi ni mke wa mwanawe wa pekee. Nimeishi katika nyumba ya mzee huyu miaka kumi na minne, nikampikia, nikamfulia, nikabishana naye. Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema, na mimi nikaongezea kwamba wangu hauna hata mlango. Yaliyompata mzee yangeweza kulala mahali pake mpaka leo kama mimi ningejua kunyamaza.

Kazi ya kuoka hostia, ile mikate myembamba ya Komunyo, aliipata alipostaafu. Katekista aliyekuwa akiioka alifariki, na paroko akatuletea nyumbani kile chuma cha kuokea: sahani mbili nzito zinazobanana, ya juu imechorwa misalaba, na waya wa umeme uliofungwa kwa utepe mweusi. Nani mwingine angepewa? Mtaa mzima ulimwita Baba Biskuti. Tulihamisha baiskeli na magunia kutoka chumba cha nyuma, akapaka kuta chokaa, akaweka meza yenye bati juu, na kuanzia siku hiyo mtu haingii humo na viatu. Mume wangu alimtania kwamba sasa amepandishwa cheo, ameacha kulisha watoto wa shule anamlisha Mungu. Mzee hakucheka. "Silishi mtu," alisema. "Natengeneza mahali pa kufikia mgeni."

Lakini kazi ilimtoa jasho. Maelekezo aliyoachiwa yalikuwa na maneno matatu: ngano, maji, moto. Alifuata, na hostia zikatoka na kingo za kahawia, na zikikatwa zinameguka. Paroko ni mtu mpole, hakulalamika, ila siku moja akasema kwamba patena, ile sahani ya hostia, siku hizi inajaa vumbi. Mzee alirudi nyumbani akagoma kula. Vumbi! Kwake maana yake ilikuwa moja tu, kwamba Bwana anadondoka chini anakanyagwa, na anayemwangusha ni fundi mwenyewe.

Ndipo akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kiwanda cha biskuti angekifanya. Biskuti inayovunjika ovyo huongezewa wanga wa mahindi, ule unga mweupe laini unaoteleza vidoleni. Alijaribu robo, akajaribu theluthi. Alipofika nusu kwa nusu, hostia zilitoka nyeupe, nyembamba, na zikivunjwa zinalia mara moja tu bila kuacha kitu. Aliniita nikashuhudie. Alivunja moja juu ya kitambaa cheusi, akanikabidhi kitambaa. "Haya, tafuta," akasema. Nilikipeleka dirishani nikatafuta, sikuona kitu. Sijapata kumwona mtu mzima akifurahi namna ile.

Sasa, katika nyumba hiyo hiyo ya hostia kulikuwa na mtu asiyepokea Komunyo, naye alikuwa mama mkwe wangu. Mimi na yeye tulikuwa paka na panya, na siku nyingine sikujua mimi ni yupi. Misa hakukosa. Alikaa benchi la nne upande wa kushoto, na watu walipoinuka kwenda mbele alisogeza magoti pembeni wapite, kisha akabaki peke yake na mkoba wake. Miaka ishirini na miwili alisogeza magoti yale.

Kisa kilikuwa dada yake. Mama yao alipofariki, dada alichelewa kumpa taarifa, na mama mkwe akafika kaburi limeshafunikwa. Aliapa hatamsalimia tena. Dada alikuja siku moja kuomba radhi, akabisha hodi mpaka mkono ukachoka, na mama mkwe alikuwa ndani anachambua mchele, anamsikia. Mwaka haukuisha, dada naye akafa. Mapadre watatu, mmoja baada ya mwingine, walimwambia aungame, Mungu anasamehe. Aliwajibu wote jibu moja. "Niliyemfungia mlango hayupo. Nikaungame, kisha niende mbele nifungue mdomo, Bwana aje aingie kwangu wakati dada yangu sikumruhusu aingie? Nitamtazama na uso gani?"

Nilipokuwa mgeni katika nyumba ile nilidhani ni kiburi. Baadaye niligundua kwamba katika kanisa letu lenye watu mia nne, yeye ndiye aliyeamini kwa dhati kwamba kuna mtu anakuja. Sisi wengine tulipanga foleni.

Aliugua ini. Alikonda, akawa wa njano, akapunguza maneno mpaka nikaanza kuyatamani matusi yake. Mwaka jana, Ijumaa moja, alimwambia mzee, "Niitie padre." Paroko alikaa naye saa nzima, mlango umefungwa, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akatuambia kesho baada ya Misa ya asubuhi atamletea Komunyo. Basi mngemwona mzee! Alikimbilia chumba cha nyuma kama kijana aliyeambiwa mchumba amekubali. Mchana ule aliwasha chuma, akapima, akachanganya, akatupa sinia la kwanza lote, akaanza upya. "Lazima iwe nyembamba," alikuwa akisema. "Koo lake limesinyaa. Lazima ipite." Alizipeleka sakristia mwenyewe, akambembeleza paroko ile hostia iliyo juu kabisa ndiyo iwe ya mke wake.

Jumamosi asubuhi paroko alikuja na kile kisanduku kidogo kifuani. Nilikuwa nimetandika kitambaa cheupe na kuwasha mshumaa. Mzee alipiga magoti upande wa kichwani, akamshika mkewe begani. Paroko alisema maneno yake, mama akajibu "Amina" kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, akapokea. Alifunga mdomo, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. Nilimpa kijiko cha maji, kikapita. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa ananingoja." Alisema hayo tu. Jumatatu alikufa, na alikufa bila kukunja uso.

Mzee aliishi kwa maneno yale. Wajane wengine huomba dua, hutazama picha. Yeye alikuwa anakunywa chai, anaweka kikombe chini, anasema, "Kumbe alikuwa ananingoja," kisha anatikisa kichwa na kutabasamu. Aliendelea kuoka. Hostia zake zikasifiwa mpaka parokia za jirani, kwamba ni nyeupe na hazina makombo. Miezi minane ikapita hivyo, miezi mizuri kuliko yote niliyomwona nayo.

Ndipo akaja sista. Alitoka kwenye konventi ambayo masista wake huoka hostia kwa ajili ya nusu ya jimbo. Amesikia habari za fundi wetu, anataka kujifunza. Mzee alikuwa ametoka kwenda kununua kitasa. Nilimkaribisha, nikampa chai, nikaona siwezi kumwacha mgeni akae bure.

"Siri ni wanga, sista," nilimwambia, najisikia kama ni mimi niliyeigundua. "Wanga wa mahindi. Ndio unaozuia makombo."

Alikuwa anapuliza chai. Aliacha kupuliza. "Wanga kidogo?"

"Kidogo wapi! Nusu kwa nusu. Mzee ana mizani yake."

"Tangu lini?"

"Ah, zamani. Tangu Kwaresima ya mwaka juzi."

Sista aliweka kikombe mezani, akafanya ishara ya msalaba taratibu. Nikadhani anashukuru kwa chai. Akaniambia, "Dada, mkate wa Misa ni ngano peke yake. Ukichanganywa namna hiyo si mkate wa Misa. Padre anaweza kusema maneno yote yanayotakiwa, lakini haugeuki kuwa mwili wa Bwana." Nilicheka kwanza. Kisha nikamtazama vizuri, nikaona hatanii. Akaniomba nisimwambie mzee kabla hajazungumza na paroko. Nilijaribu, naapa nilijaribu. Mzee alirudi na kitasa chake, akaniuliza mbona nalia, nikamwambia yote pale pale mlangoni.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Lakini ngano si imo?" Aliniuliza mara mbili, mimi ambaye sikujua lolote. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango, kitasa mkononi, akaanza kuhesabu miezi kwa vidole kwenda nyuma. Nilijua anahesabu kuelekea wapi. Nilitaka kumshika mkono asifike.

Paroko alikuja kesho yake, uso wake na wa mzee yote miwili imepauka. Msisahau naye alikuwa na msiba wake. Miaka miwili kasoro alikuwa ameinua biskuti juu ya altare na kuipigia magoti. Alisema hostia zote zimeshaondolewa kwenye tabernakulo, lile kasha la altareni, ameandika kwa askofu, na kosa ni lake kwa sababu hakuuliza hata siku moja kilichokuwa ndani ya unga. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali lake moja.

"Mke wangu alipokea nini?"

Paroko alianza mbali. Alisema Mungu hafungwi na sakramenti zake. Alisema mtu anayemtaka Bwana kwa moyo wote humpata kwa kule kumtaka kwenyewe, na mama alimtaka kuliko yeyote katika parokia nzima. Alisema maungamo yake yalikuwa halali, dhambi ziliondoka.

"Padre," mzee akasema, "sikukuuliza Mungu anaweza nini. Nimekuuliza vidole vyako vilishika nini."

Paroko alitazama vidole vyake. "Mkate," alisema. "Hata mkate, sijui niseme mkate wa namna gani."

"Asante."

"Lakini mzee wangu, yeye mwenyewe alisema alikuwa anangojwa. Nilikuwepo, nilimsikia. Unadhani aliyemngoja miaka ishirini na miwili angerudi nyuma kwa sababu ya wanga?"

Nilimpenda paroko kwa swali lile. Lilikuwa jibu zuri, mpaka leo naliona zuri, nimelirudia moyoni mara elfu. Mzee alilifikiria pia, niliona analigeuza. Kisha akasema, "Alisema hivyo kwa sababu aliniamini mimi." Akainuka, akamshukuru padre tena, akaingia chumba cha nyuma na kujifungia. Tulisikia anafagia.

Askofu alijibu baada ya wiki tatu, na barua ikasomwa kanisani, kwa maneno ya heshima, bila kumtaja. Kumtaja kwa nini? Kila shingo iligeuka. Wengi walikuwa watu wema, walikuja kumpa mkono. Wengine walikuwa watu tu. Kiongozi wa kwaya alinisalimu sokoni akauliza kama Baba Biskuti anaweza kumwokea na za chokoleti, akacheka sana, nami nikamjibu jibu ambalo nililazimika kuliungama. Mama mmoja aliyemzika mwanawe katika miezi ile alikuja mpaka mlangoni kwetu, akasimama, akashindwa kusema, akaondoka. Mzee alimwona kupitia dirishani. Kicheko cha kwaya hakikumdhuru hata kidogo, lakini ule ukimya wa yule mama ulimwangusha kitandani siku mbili.

Kuanzia hapo aliacha kupokea. Misa alikwenda, alikaa benchi la nne, watu walipoinuka alisogeza magoti. Mume wangu alimkaripia nyumbani. "Baba, hukufanya kusudi! Hata padre amesema huna dhambi."

"Sijasema nina dhambi."

"Sasa?"

"Mimi na mama yako tumekula pamoja miaka arobaini na moja," mzee akasema. "Haikuwahi kutokea anipakulie, yeye abaki na njaa, mimi nikaweza kumeza. Mnanionaje, leo nianze?"

Mume wangu alitoka nje akaenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Mimi nilibaki naosha vyombo, na kila chombo nilikiosha mara mbili. Niliona wazi kwamba mzee wetu hana kosa la kusamehewa, ndiyo maana hakuna wa kumsaidia. Mwenye kosa ana pa kwenda. Anapiga magoti, anasema, anaondolewa mzigo, anainuka. Huyu alikuwa na upendo tu, na upendo huo ndio uliomharibia mkewe safari, na hakuna padre wa kuuondoa.

Mwaka huu kifua kilimbana. Daktari alisema mapafu, akaongeza mambo ya unga aliouvuta miaka mingi kiwandani, akatuandikia dawa, akatuambia tumrudishe nyumbani. Paroko alikuja Jumanne asubuhi. Nilitandika kitambaa cheupe, nikawasha mshumaa. Alimpaka mafuta, kisha akafungua kile kisanduku.

"Hii imetoka kwa masista," alimwambia. "Ngano tupu na maji tupu. Nilikwenda nikasimama wakati wanachanganya."

"Najua," mzee akasema.

"Basi pokea, mzee wangu. Yupo hapa. Amekufuata."

"Aanze na yule niliyemwacha na njaa."

"Hilo mwachie mwenyewe. Leo anakutaka wewe."

Mzee alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Sijawahi kuona mtu akikataa kitu kwa heshima kama ile. Alifunga mdomo, akaunganisha mikono juu ya shuka, akamwinamia yule aliyekuwa mkononi mwa padre kwa kadiri shingo ilivyoweza. Paroko alibaki amesimama, hostia katikati ya vidole, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Mwishowe alinigeukia. "Mama, wewe umejiandaa?"

Nilipiga magoti kwenye mkeka kati yao. Naweza kuwaambia kwamba nimepokea Komunyo tangu nikiwa na miaka tisa, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza. Sikuwaza jiko, sikuwaza viatu vya mtu. Niliogopa. Niliitazama hostia, kingo zake za kahawia, na punje ndogo iliyokuwa inataka kuanguka, nikafungua mdomo haraka isije ikapotea. Nikasema "Amina" na meno yananigongana. Kisha hofu ikaondoka. Sijui kusema zaidi ya hapo. Hakuna nuru, hakuna sauti. Ilikuwa tu kama mtu amekuja akaketi karibu nami, mtu anayejua niliyoyasema na niliyoyaharibu, na haondoki. Nililia kwa furaha, na miaka yote ile sikujua kwamba hicho ndicho tulichokuwa tunapangia foleni.

Nilipoinua kichwa mzee alikuwa ananitazama usoni. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akitazama moto wa chuma chake, bila kupepesa.

"Amekuja?" aliuliza.

"Amekuja, baba," nikamwambia, na nilikuwa natabasamu. "Kweli amekuja. Mzima."

"Basi kweli kuna tofauti," alisema. "Basi mama yenu nilimnyima."

Paroko alimwita. Mimi nilimwita, nikamshika mkono, nikaanza kumwambia sikumaanisha hivyo, kwamba sijui lolote, kwamba mimi ni mtu wa kusema ovyo na kila mtu anajua. Alinipapasa kichwani mara moja, kama mtu anayemsamehe mtoto. Kisha akageukia ukutani. Alikufa Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na mpaka hapo hakusema neno jingine wala hakufungua mdomo kwa kitu chochote tulichompa.